Kipakatalishi Kikuukuu Mezani pa Fundi: Istilahi Zetu Huzaliwa Wapi?

Kila mara suala la Kiswahili na teknolojia linapozushwa katika makongamano yetu, mjadala huanza kwa hamasa na kuishia palepale ulipoishia mwaka uliotangulia: tuseme kompyuta, tarakilishi au ngamizi? Wanaoshikilia tarakilishi hutukumbusha tarakimu na akili. Wanaoshikilia kompyuta hutukumbusha kwamba hata mama mboga hulielewa neno hilo bila kufafanuliwa. Watetezi wa ngamizi siku hizi ni wachache na aghalabu huchekwa. Kisha chai huletwa, na mkutano ukafungwa. Ndani ya mashine yenyewe hakuna aliyechungulia. Tumeligombania jina la sanduku kwa muda mrefu mno, hali vilivyomo sandukuni vingali yatima.

Nia yangu hapa ni kumtoa msomaji ukumbini na kumpeleka penye bisibisi. Nimechagua kazi moja mahususi ambayo wapenzi wa mashine za kale katika nchi mbalimbali wamekuwa wakiifanya: kukichukua kipakatalishi kidogo cha zamani, kukiondolea diski yake inayozunguka, kukitilia hifadhi ya flashi badala yake, na kupachika ndani yake kipokezi cha GPS ili kiweze kujua kilipo duniani. Nashikilia kwamba mwanafunzi wa Kiswahili akiketi kando ya fundi afanyaye kazi hii kwa alasiri moja tu, ataondoka na uelewa wa istilahi ambao orodha zetu za kurasa mia haziwezi kumpa.

Tuanze na chombo chenyewe. Mwaka 1996 kampuni ya Toshiba ya Japani ilitoa kipakatalishi kilichoitwa Libretto, neno ambalo kwa Kiitaliano maana yake ni kitabu kidogo. Kiwambo chake kilikuwa cha inchi 6.1, uzito wake haukufikia kilo 1, na kiliendeshwa na Windows 95, mfumo uleule uliokuwa ukiendesha mashine kubwa za mezani. Diski ya toleo la kwanza ilikuwa na nafasi ya MB 270. Nyimbo mia moja za siku hizi hazingeenea humo. Sisi tulipoliunda neno kipakatalishi tulikitazama chombo kinachopakatwa pajani kama mtoto. Libretto haikuhitaji paja. Ilitosha viganja viwili, na hapo tayari neno letu linaanza kumpwaya aliyevishwa.

Katika mashine za umri huo, betri na diski ndizo hutangulia kufa. Ndani ya diski ya kale mna sahani zinazozunguka maelfu ya mara kwa dakika, na juu yake huelea kichwa cha kusomea kwa umbali mdogo kuliko unene wa unywele. Mashine ikidondoka ingali inafanya kazi, kichwa hugonga sahani na data hukwanguliwa. Mafundi wetu wa Luthuli Avenue jijini Nairobi hawasemi kwamba diski imeharibika. Husema imekufa. Betri nayo huwa imekufa, na mashine nzima huwa haiwaki. Lakini kuvunja koleo si mwisho wa uhunzi, na hapa ndipo flashi inapoingia.

Mwaka 1994 kampuni ya SanDisk ilitoa kadi ya CompactFlash, ndogo kama kiberiti kilichobanwa. Waundaji wake waliifundisha kadi hiyo lugha ileile iliyokuwa ikizungumzwa na diski za wakati huo. Kadi ina matundu 50, na kiungio cha diski ya kipakatalishi kina pini 44. Kinachohitajika baina yao ni kibao kidogo chenye nyaya tu, kisicho na akili yoyote ya kutafsiri. Ni kama Mwamu akutanapo na Mmvita: matamshi ni mbalimbali, lugha ni moja, na hapatafutwi mkalimani. Fundi hufungua skrubu chache, huichomoa diski iliyokufa, hukichomeka kibao chenye kadi, na mashine iliyokuwa ikinguruma kama kinu cha kusagia mahindi sasa huwaka kimya. Haina kitu kinachozunguka ndani mwake isipokuwa, pengine, feni. Ukiidondosha, huenda ukavunja kiwambo, lakini kilichohifadhiwa humo hakitakwanguka.

Kuna masharti. Mashine nyingi za miaka hiyo hazitambui diski inayozidi GB 8.4 bila hila fulani za programu, kwa hiyo kununua kadi kubwa ni kutupa fedha. Isitoshe, flashi huchakaa kwa kuandikwa. Kila sehemu yake huweza kufutwa na kuandikwa upya mara elfu kadhaa, au hata laki moja, kutegemea aina ya kadi, kisha huchoka. Windows za kale zilikuwa na tabia ya kuhamishia mizigo diskini pindi kumbukumbu inapojaa, kisha kuirudisha, kisha kuihamisha tena, bila kupumzika. Diski ya sahani iliivumilia tabia hiyo kwa manung'uniko. Flashi hufupishiwa maisha nayo. Ndipo fundi akaizima kabisa, au akaongeza kumbukumbu iwapo mashine inaruhusu.

Naomba aya hiyo isomwe tena polepole, kwa jicho la mwanaistilahi. Orodha nyingi tulizo nazo humpa mwanafunzi neno moja, kumbukumbu, kwa kile kinachofanyiwa kazi mashine inapowaka na kwa kile kinachohifadhi faili mashine inapozimwa. Kadi ya simu tunaiita kadi ya kumbukumbu. Sehemu ya kufanyia kazi tunaiita kumbukumbu pia. Basi mwanafunzi aliyelelewa na orodha hiyo akitakiwa kueleza kwa nini flashi huchakaa upesi ndani ya Libretto, ataandika hivi: "Kumbukumbu ikijaa, kumbukumbu huhamishiwa katika kumbukumbu." Sentensi hiyo haina kosa la kisarufi hata moja. Haina maana pia.

Tatizo hilo halionekani ukumbini. Ukumbini kila istilahi husimama peke yake katika safu yake, Kiingereza kushoto na Kiswahili kulia, na kila moja inapendeza. Ni pale tu unapolazimika kuviweka vitu viwili katika sentensi moja, kwa sababu kimoja kimo mkononi mwako na kingine kimelehemewa kwenye bodi, ndipo unapogundua kwamba umevipa jina moja.

Na tukilitazama neno lenyewe, mambo yanazidi kutatanika. Kumbukumbu kwa Mswahili ni kile kinachobaki baada ya jambo kupita. Kumbukumbu za mkutano huandikwa ili waliokosa kuhudhuria wasome. Siku ya kumbukumbu huadhimishwa kwa sababu aliyefariki hayupo. Kumbe ile sehemu ya tarakilishi tunayoiita kumbukumbu husahau kila kitu umeme unapokatika, na flashi, ambayo huendelea kushika ilichoandikiwa hata ikikaa kwenye saraka mwaka mzima, ndiyo tunayoinyima heshima hiyo au kuigawia nusu. Kwa maoni yangu, flashi na diski ziitwe hifadhi. Ile nyingine, maadamu neno kumbukumbu limekwisha kuota mizizi, tuiite kumbukumbu ya kazi, na tusilitumie neno kumbukumbu likiwa peke yake kwa mashine. Atakayenipinga nitamsikiliza, mradi aje na sentensi nzima, si neno moja.

Neno flashi lenyewe nalo lina kisa. Aina hii ya hifadhi ilibuniwa katika miaka ya 1980 na Fujio Masuoka, mhandisi wa Toshiba, kampuni ileile iliyokuja kuiunda Libretto ikiwa na diski ya sahani. Mwenzake mmoja ndiye aliyependekeza jina hilo, kwa kuwa namna data inavyofutwa kwa mkupuo ilimkumbusha mmweko wa kamera. Sasa wapo wanaotaka tuseme hifadhi mmweko. Siwaungi mkono. Hiyo ni kuhamisha tashibiha ya mtu wa Japani aliyekuwa akifikiria kwa Kiingereza, na msomaji wetu atabaki akijiuliza ni nini kinachomweka. Mafundi husema flashi na wanaelewana. Ni kweli kwamba neno hili limebeba mizigo mingi: Wakenya wa mwanzoni mwa karne hii waliflashiana kwa simu ili wasipoteze salio, na mafundi wa simu huflashi simu iliyogoma kwa kuiwekea programu upya. Lakini muktadha hutosha kutenganisha maana hizo, jinsi unavyotenganisha kaa la moto na kaa wa pwani.

Kabla sijaiacha hifadhi, nitaje jambo moja la kisarufi ambalo ningependa wanaisimu wetu walichunguze. Kadi inapowekwa na mashine isiitambue, mafundi na wateja wote husema, "Kadi haisomi." Mwalimu wa sarufi angerekebisha papo hapo: kadi haisomwi, kwani ni mashine isomayo. Hata hivyo, usemi huo umeenea sana. Simu nayo haishiki, laini haiingii, chaja haipeleki. Je, ni uvivu wa ulimi, au ni kauli mpya inayojitokeza, ambapo kifaa hufanywa mtenda kwa sababu kushindwa kumetoka kwake? Kiswahili tayari kina kauli ya kutendeka: kadi haisomeki. Ningefurahi kuona tukisema haisomi kwa kadi isiyotambuliwa kabisa, na haisomeki kwa kadi inayotambuliwa lakini yaliyomo yamevurugika. Hizo ni hitilafu mbili tofauti na zina tiba tofauti. Sarufi tunayo, haijapelekwa kazini.

Sasa tuje kwa kipokezi cha GPS. Setilaiti zisizopungua 24 huizunguka dunia kwa kimo cha kilomita 20,200 hivi, na kila moja hutangaza saa yake bila kukoma. Kipokezi hulinganisha matangazo ya setilaiti nne au zaidi na kutokana na tofauti za muda hukokotoa mahali kilipo. Kosa la sehemu moja ya milioni ya sekunde ni kosa la meta 300, kwa hiyo kazi yote ni ya saa. Hadi tarehe 2 Mei 2000, Marekani ilikuwa ikizivuruga kwa makusudi ishara zinazotumiwa na raia, na mtu aliweza kuambiwa yuko meta 100 kutoka alipo. Uvurugaji huo ulipokomeshwa, vipokezi vidogo vya bei nafuu vikawa na maana kwa mtu wa kawaida, na wapenzi wa mashine wakaanza kuvifungua maganda na kuvipachika ndani ya vipakatalishi.

Kupachika si kazi ya haraka. Antena lazima itazame juu na ikae chini ya plastiki, si chuma. Ishara inayofika kutoka angani ni dhaifu mno, na kelele za umeme wa mashine yenyewe huweza kuifunika, kwa hiyo fundi huihamisha antena huku na huku hadi apate pembe iliyotulia. Nyaya hulehemewa kwa mkono usiotetemeka. Volti za kipokezi aghalabu hazilingani na za kiungio cha kale, na lazima kiwekwe kigeuzi katikati, la sivyo kitu kitaungua.

Kazi ikikamilika, kipokezi huanza kusema, na hapa wanafunzi wa isimu watege masikio. Maneno yake hufuata kaida iitwayo NMEA 0183, na kaida hiyo yenyewe huuita kila mstari sentensi. Kila sentensi huanza kwa alama ya dola. Herufi mbili za kwanza humtaja msemaji: GP ni kipokezi cha GPS. Herufi tatu zifuatazo hutaja aina ya sentensi, kisha huja habari yenyewe, saa, latitudo, longitudo, ikitenganishwa kwa mikato, na mwisho ni kinyota na tarakimu za kuhakikishia kwamba hakuna kilichopotea njiani. Kila sentensi haizidi herufi 82. Nafsi, kitenzi, shamirisho! Nimewahi kuona wanafunzi wa mwaka wa tatu wakihangaika kuchanganua sentensi ambatano za vitabuni. Sentensi hizi wangezichanganua kwa robo saa, na wangeondoka wakijua kwamba sintaksia haikuumbwa kwa ajili ya mitihani tu.

(Vipokezi vikuukuu vina kioja kimoja. Hesabu ya wiki ya GPS hufika wiki 1,024 kisha huanza upya kutoka sufuri, kama ilivyotokea Agosti 1999 na Aprili 2019. Hivyo kipokezi cha zamani huweza kukutajia barabara ulipo bila kosa, na papo hapo kikadai kwamba mwaka ni ule wa karibu miongo miwili iliyopita.)

Tukiite nini kitendo hiki cha mashine kutuonyesha njia? Simu zilizotafsiriwa husema urambazaji. Madereva wa teksi husema weka GPS, au nitumie lokesheni. Wengine, kwa kutaka utamu wa lugha, hupendekeza dira. Hili la mwisho linavutia, na linaangushwa na jaribio moja. Dira hukuonyesha upande uliko kaskazi bila kujua uko wapi. Kipokezi cha GPS hukuonyesha uko wapi bila kujua umeelekea wapi. Ukisimama tuli, hakiwezi kukuambia uso wako unatazama Mombasa au Kisumu, mpaka utembee hatua kadhaa kilinganishe. Ni vitu viwili vinavyokamilishana. Aliyeshika chombo mkononi hawezi kuvichanganya, na nahodha wa jahazi hakuvichanganya pia. Alikuwa na dira ya kujua mwelekeo, bildi ya kupimia kina, nyota za kukisia alikofika, na sukani ya kutekeleza aliyoamua. Kila kifaa kilikuwa na jina lake kwa sababu kila kimoja kilikuwa na kazi yake, na aliyekosea jina usiku wa kusi angeweza kuzama.

Ukwasi huo haukuletwa na kamati. Uliletwa na watu waliokuwa baharini. Vasco da Gama alipotia nanga Malindi mwaka 1498 hakuijua njia ya kuvukia kwenda Bara Hindi. Alipewa rubani hapo Malindi, na rubani huyo akamfikisha. Neno rubani lilikuwa la chombo cha majini. Ndege zilipokuja, tulilipandisha angani bila kongamano lolote, na leo mtoto wa shule akisikia rubani huwaza ndege, wala hana habari ya jahazi. Neno lililowahi kuhama mara moja linaweza kuhama tena. Napendekeza basi ile programu inayopokea sentensi za kipokezi na kutuambia tupinde kushoto tuiite rubani. Kipokezi ni kipokezi, dira ni dira, ramani ni ramani, na anayeziunganisha zote akatoa uamuzi ni rubani, kama alivyokuwa siku zote.

Wala tusidhani anga ni ugenini kwetu. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco katika bahari ya Malindi, ilirushwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kwa uchunguzi wa miale ya eksirei kutoka angani, na ikapewa jina la Uhuru. Neno la Kiswahili lilizunguka dunia wakati wengi wa wasomaji wa jarida hili hawajazaliwa.

Najua pingamizi litakalokuja. Kwa nini mtu ajisumbue na Libretto ya 1996 ilhali hata simu janja ya bei nafuu dukani ina flashi na kipokezi cha GPS tangu kiwandani? Jibu langu ni kwamba simu hiyo imegundishwa kwa gundi. Ina kila kitu na haionyeshi chochote. Mashine ya zamani hufunguliwa kwa bisibisi, sehemu zake huonekana kwa macho, na kila sehemu inaweza kuondolewa na nyingine kutiwa mahali pake. Kwa mtu atafutaye njia ya kufika Thika, simu inatosha. Kwa mtu atafutaye maneno, simu ni ukuta.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: kwamba kazi ya kuunda istilahi ina wenyewe, na kwamba wanafunzi hawana mamlaka. Nawaheshimu waliotutangulia. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitupa Jambo OpenOffice mwaka 2004, na tangu hapo hakuna awezaye kudai kwamba menyu za tarakilishi haziwezi kusema Kiswahili. Lakini menyu ni uso wa mashine. Kilicho chini ya kibodi hakijatafsiriwa kwa sababu hakuna faili la kutafsiri. Lazima kitazamwe na kuguswa.

Ndiyo maana naomba chama chetu, badala ya kuchapisha faharasa nyingine ya istilahi mwaka huu, kitumie fedha hizo kununua mashine tatu zilizokufa, kadi tatu za CompactFlash, kipokezi kimoja, kichomeo cha kulehemia na risasi yake. Stoo za vyuo vyetu zimejaa mashine ambazo zitaishia jaani. Huenda hata hatutahitaji kununua. Tuwaalike wanafunzi wa uhandisi na fundi mmoja wa mjini, alipwe kama tunavyowalipa wageni wa heshima. Atakayeandika kumbukumbu za kikao (neno hilo hapo liko mahali pake) anukuu kila neno litakalotamkwa mtu anapomwambia mwenzake nishikie hiki, geuza kile, hapana, si hicho. Baadaye ndipo waje wanaleksikografia wachague.

Tuanzie na kile kibao kidogo kinachounganisha pini 44 na matundu 50. Sijakiona katika kamusi yoyote ya Kiswahili niliyowahi kuifungua. Wengine watasema adapta, wengine kiunganishi, ingawa kiunganishi tayari kina kazi katika sarufi. Mimi ningekiita daraja.